Jinsi ya kulaza uzi wa mwanga ndani ya faiba ya boti ujue rezini imefika na imeshika, kwa vifaa vinavyopatikana Tanga

Fundi wa boti za faiba huku kwetu Tanga akitaka kujua kazi imeshika anagusa kwa kidole, anagonga na sarafu asikilize mlio, au anaangalia saa tu anasema tayari. Siwadharau hata kidogo, wazee hawa mikono yao inajua mengi. Ila kidole kinagusa juu na shida ya faiba iko ndani, hasa kwenye tezi pale inapofungwa mashine na kwenye mkuku, sehemu ambazo mati, yaani vitambaa vya nyuzi za kioo, zimelaliana tabaka juu ya tabaka, juu pamekauka kama kigae kumbe katikati bado pabichi, au kuna sehemu rezini haikufika kabisa. Boti inatolewa kwenye kalibu, inapakwa rangi, inaenda baharini, na ufa unakuja kuonekana msimu wa kusi mawimbi yakianza kupiga.

Kuna njia ya kuuliza ndani kwenyewe. Unalaza uzi mwembamba wa kioo, uleule wa intaneti, katikati ya matabaka, unapitisha mwanga, na mwanga unaorudi unakwambia ncha ya uzi imezungukwa na nini, hewa, rezini mbichi au rezini iliyoshika. Wenye viwanda vikubwa vya ndege na mapanga ya mitambo ya upepo wana mitambo yao ya bei mbaya kwa kazi hii, lakini hatua ya kwanza fundi anaweza kuifanya akishirikiana na kijana yeyote anayefunga intaneti ya faiba mitaani, maana vifaa karibu vyote anavyo kwenye begi. Hapa chini nikisema uzi namaanisha uzi wa kioo wa mwanga, na nikisema faiba namaanisha mati na rovingi (mafungu ya nyuzi za kioo zilizonyooka) za boti, ili tusichanganyane.

Inavyofanya kazi

Mwanga ukitoka kwenye kioo kwenda kwenye kitu kingine, kiasi kidogo kinarudi nyuma. Kinachorudi kinategemea tofauti ya namba ya mpindo wa mwanga, yaani namba inayoonyesha kitu kinapunguza mwendo wa mwanga kiasi gani, kati ya kioo na hicho kitu. Kioo cha uzi ni kama 1.45, hewa ni 1, tofauti kubwa, kwa hiyo ncha ikiwa hewani inarudisha kama asilimia 3 na ushee. Rezini ya polyester ikiwa mbichi iko kwenye 1.52 hivi, inakaribiana na kioo, kwa hiyo kinachorudi kinashuka ghafla mpaka chini ya sehemu moja katika elfu. Halafu inavyozidi kushika inazidi kuwa nzito, namba yake inapanda kidogo kidogo, na mwanga unaorudi nao unapanda kidogo kidogo. Basi, hesabu yote ndiyo hiyo. Kushuka kwa ghafla maana yake rezini imefika, kupanda polepole maana yake inashika, kutulia maana yake imemaliza, au imekwama, na hilo la kukwama nitalirudia maana watu wengi hawalijui.

Vifaa

Unahitaji chanzo cha mwanga cha mkononi chenye 1310 na 1550 (urefu wa wimbi la mwanga kwa nanomita), pawa mita ya kupimia nguvu ya mwanga, splita ya 1 kwa 2 inayogawa mwanga, pigteli kadhaa, yaani vipande vya uzi vyenye konekta upande mmoja, kisu cha kukatia uzi wanachoita kliva, koleo la kumenyea, spiriti ya isopropili na mashine ya splaisi, ya kuunganisha nyuzi, ya kuazima. Kwenye pawa mita kuwa makini, madukani zipo aina mbili, moja inaishia kwenye -50 dBm na nyingine inafika -70 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mwanga, ikizidi kushuka chini ya sifuri mwanga ni mdogo zaidi, na tofauti zake tunazihesabu kwa dB). Chukua ya -70, ile nyingine itakuacha njiani rezini ikishafika. Konekta zote ziwe za kijani, zile za pembe, kwa sababu za bluu zinarudisha mwanga wake zenyewe na unachotafuta wewe ni mwanga mdogo sana. Ongeza na waya wa kupimia joto aina ya K na mita yake, hiyo ni bei rahisi na usiache kununua.

Splita unaitumia kinyumenyume. Mguu mmoja kati ya ile miwili unachomeka chanzo, mguu wa pili pawa mita, na ule upande wa mguu mmoja ndio unaenda kwenye uzi ulio ndani ya boti. Mwanga unaenda, unagonga ncha, unarudi, nusu inarudi kwenye chanzo inapotea na nusu inaingia kwenye mita. Chanzo kiweke kwenye mwanga wa moja kwa moja, sio ule wa kupigapiga wa 2 kHz, na kiwashe robo saa hivi kabla ili kitulie, kikiwa cha moto nusu kitakudanganya.

Uzi wenyewe mara nyingi hununui. Vile vipande vya waya wa nyumbani ambavyo mafundi wa intaneti wanavitupa vina uzi mzuri ndani, na bahati nzuri wengi wanatumia uzi wa aina ya G.657 unaovumilia kukunjwa, ule wa kawaida unataka kona pana kama 30 mm la sivyo unavuja. Uzi wa kioo una unene wa 0.125 mm, na ngozi yake ya plastiki unafika robo milimita.

Jaribu kwanza kwenye glasi

Kabla hujasogelea boti fanya hili mezani, usiliruke. Menya ngozi ya uzi kama sentimita 3, futa kwa spiriti, kata kwa kliva. Ncha lazima ikatike sawasawa, bapa kabisa, ikikatika mshazari mwanga unarudi pembeni na haufiki kwenye mita. Kama chanzo chako kinatoa -5 dBm, ncha nzuri hewani itasoma karibu na -27. Ukiona -35 wakati ncha iko hewani usianze kutafuta sababu za mbali, kata upya.

Sasa chovya kwenye glasi ya maji. Inashuka dB 12 hivi, inakaa karibu na -39. Itoe, ifute, inarudi juu. Af chovya kwenye mafuta ya nazi, yale yetu ya kukamua yaliyotulia. Hapo namba inaporomoka kabisa mpaka chini kule kwenye mwisho wa uwezo wa mita, kwa sababu mafuta ya nazi na kioo cha uzi karibu namba zao ziko sawa, mwanga unapita kama vile hakuna ukuta.

Zoezi hili ndilo ninalowaonyesha mafundi wakubwa, maana ukianza na maneno ya mpindo wa mwanga wanakusikiliza kwa heshima tu. Kuna mzee mmoja, mjenzi wa mashua tangu zamani kabla hajahamia faiba, nilimwamkia nikaweka glasi mbili mbele yake kwenye kibao chake cha kazi. Aliishika mita mwenyewe, akaniambia, "Haya chovya mwanangu, mimi naangalia namba." Nikachovya. Akasema itoe. Nikatoa. Akasema nifanye tena ila yeye atageuka asione mikono yangu, aseme yeye kwa kusoma namba tu uzi uko wapi, hewani, kwenye maji au kwenye mafuta. Alipatia zote. Akanirudishia mita akauliza swali moja tu, "Sasa ukiulaza ndani, unatokaje nje bila kukatika?" Ndilo swali lenyewe la kazi hii, kwa hiyo nitalikalia kuliko mengine.

Ukimaliza na mafuta usitumie ncha hiyohiyo kwenye boti. Kata mpya, na osha mikono, mafuta na rezini hawapatani.

Wapi pa kulaza

Usitapanye nyuzi boti nzima. Chagua sehemu zinazokusumbua, kwa kawaida ni mbili tatu, katikati ya unene wa tezi, kwenye mkuku, na kama unavuta rezini kwa pampu ya vakyumu, faiba kavu ikiwa imefunikwa kwa mfuko wa plastiki, basi weka moja mwisho kabisa, kona ambayo rezini inafika ya mwisho. Hii ya mwisho kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu kwenye vakyumu ukifunga bomba mapema umeacha sehemu kavu, ukichelewa umemwaga rezini ya hela nyingi kwenye ndoo.

Laza uzi sambamba na nyuzi za rovingi, usizikatize. Nyuzi za faiba ya boti kila mmoja una unene wa mikroni kumi na kitu mpaka ishirini, uzi wako na ngozi yake ni mikroni 250, kwa hiyo ukilala kwa kukatisha rovingi zinapanda juu yake na pembeni kunabaki kijishimo kirefu kimejaa rezini tupu, hapo ndipo ufa unapenda kuanzia. Ukilala sambamba rovingi zinaufunika vizuri na udhaifu unakuwa mdogo sana. Kwenye mati ya kawaida ya kukatwakatwa haijalishi sana, ila kwenye tezi watu wengi wanaweka rovingi ya kusuka, zingatia.

Waya wa joto uwe jirani na ncha, sentimita mbili tatu hivi, tabaka lilelile.

Kama ni kazi ya mkono, unalaza uzi juu ya tabaka ambalo limeshalowa na limeshapigwa rola, unaweka tabaka linalofuata juu, halafu pale penye ncha unagongagonga kwa brashi kwanza, ile rola ya chuma ya kutoa mapovu isipite juu ya ncha moja kwa moja. Kama ni vakyumu unaupenyeza kwenye faiba ikiwa kavu na kuushikiza kwa gundi kidogo ya kupuliza, sentimita 5 mbali na ncha, gundi ikigusa ncha utakuwa unapima gundi.

Kuutoa nje

Uzi haukatiki ndani, unakatikia mlangoni. Pale unapotoka kwenye faiba, rezini inaukamata ngozi yake inakuwa ngumu kama sindano, mtu akiupitia na suruali tu umekwenda. Dawa yake ni kijibomba laini cha teflon, chembamba, unauvisha uzi kuanzia sentimita 2 au 3 kabla haujatoka, yaani kijibomba kinaanzia ndani ya faiba na kinaendelea nje. Mdomo wake wa ndani uuzibe kwa tone la silikoni iache ikauke, la sivyo rezini inapanda humo na kazi ya kijibomba inakuwa haipo.

Utoe juu ya uso, sio pembeni. Pembeni patapigwa grainda wakati wa kusawazisha, kila mtu anajua hilo lakini ukiwa na haraka unasahau.

Kwenye vakyumu kuna la ziada. Kijibomba kikipita kwenye tepu ya mastiki, ile inayoziba ukingo wa mfuko, kinaingiza hewa kwa ndani yake, mtashinda mnatafuta linakovuja. Kwa hiyo pale kwenye tepu acha uzi upite wenyewe na ngozi yake, tepu chini tepu juu, ubane vizuri kwa kidole gumba, kijibomba kikatike kabla ya tepu kianze kingine baada yake. Nje ya hapo viringisha uzi kwenye duara pana, ubandike kwenye kalibu kwa tepu, na konekta uifunge kwenye mfuko wa plastiki, tone moja la rezini kwenye konekta ndiyo mwisho wake.

Siku ya kazi

Ukishawasha pampu na mfuko umebana kabisa, hapo ndipo uandike namba ya kuanzia, sio kabla. Mfuko ukibana unaukandamiza uzi kwenye misuko ya rovingi na unavuja mwanga kidogo, namba inashuka dB moja mbili bila rezini yoyote. Soma kwenye 1310 na 1550 zote mbili. Hii ina faida kubwa baadaye, maana kona kali ya uzi inavujisha 1550 zaidi ya 1310, ilhali rezini ikifika kwenye ncha zinashuka zote karibu sawa. Ukiona 1550 imeanguka na 1310 haijatikisika, mtu ameegemea uzi, nenda katazame.

Nyuzi zikiwa kadhaa na mita moja, unachomoa na kuchomeka kwa zamu, unafuta konekta kila mara. Andika saa, namba, joto, ukizipanga kwenye karatasi kwa kufuata saa ndio unapata mchoro. Daftari linatosha, simu inakukumbusha. Wakati rezini inatembea soma kila nusu dakika, ikishafika dakika mbili mbili, jioni hata robo saa.

Na usichungulie ncha ya uzi kamwe chanzo kikiwa kimewashwa, mwanga wa 1310 na 1550 hauonekani kwa macho lakini upo. Vipande vya kioo vilivyokatwa vikusanywe kwenye chupa yenye kifuniko, kikikuingia kwenye ngozi hukioni. MEKP, ile hadna ya polyester, ikiingia jichoni inapofua, vaa miwani, na usiichanganye moja kwa moja na kobalti, ile dawa ya kuharakisha rezini, inaweza kulipuka. Kobalti inaingia kwenye rezini kwanza inakorogwa vizuri ndipo hadna ifuate. Milango wazi, barakoa ya kichujio cha kemikali, ile ya kitambaa haizuii harufu ya stairini, kemikali iliyomo ndani ya rezini.

Kusoma mchoro

Rezini ikifika namba inadondoka dB 15 hivi au zaidi kwa mara moja, kutoka -27 unaiona iko kwenye -43, -44. Ikidondoka kisha ikaruka tena juu karibu na ilipokuwa, kuna povu la hewa limekaa kwenye ncha. Kama ni kazi ya mkono rola bado inaweza kulitoa. Kama ni vakyumu na mapovu yanaendelea, kuna mahali panavuja.

Baada ya hapo ni kimya kwa muda, namba imelala. Halafu joto linaanza kupanda, na hapa watu wanachanganyikiwa kwa sababu namba inaweza ikashuka tena kidogo kabla ya kupanda. Sababu ni kwamba rezini ikipata moto inapanuka, inakuwa nyepesi, wakati huohuo kushika kunaifanya nzito, vitu viwili vinavutana. Ndiyo maana waya wa joto ni lazima, bila huo hujui nani anavuta. Sehemu nene joto la ndani linaweza kupita nyuzi 100 hata kama nje unagusa unaona vuguvugu tu, na tezi iliyochemka hivyo inapasuka ndani kwa ndani, kwa sababu polyester ikishika inasinyaa, ujazo wake unaweza kupungua kwa asilimia 7 au 8. Ukiona joto linakimbia, matabaka yaliyobaki usiyaweke leo. Jenga tezi kwa awamu. Miezi ya kaskazi, Januari na Februari, jua la Tanga lenyewe linaharakisha kila kitu, kipimo cha hadna ulichozoea mwezi wa saba kitakuunguza.

Halafu namba inapanda, jumla kama dB 1 mpaka 3, polepole, na inatulia. Joto nalo linarudi chini. Vyote viwili vikitulia, sasa unaweza kuongea habari ya kutoa kwenye kalibu.

Ila nilisema kuna kukwama. Rezini ikishakuwa ngumu kwenye joto la kawaida, molekuli zake haziwezi tena kusogea zikutane, inasimama kabla haijamaliza, na mchoro unaonekana umetulia vizuri tu. Namna ya kuijua ni kuipasha. Utaratibu unaotumika sana kwa polyester ni kuiacha saa 24, kisha kuipa nyuzi 40 kwa saa 16. Turubai jeusi juu ya kalibu kwenye jua la hapa linaweza kufika huko, waya wa joto utakwambia, usiku ukizima joto unaendelea kesho yake. Ikishapoa kabisa soma tena kwenye joto lilelile la jana. Kama namba imepanda juu ya pale ilipokuwa imetulia, basi kulikuwa na kazi haijaisha ndani, na umeimaliza. Mimi hii ndiyo sehemu inayonifurahisha kuliko zote, kwa sababu hakuna kidole wala sarafu itakayokuonyesha.

Ukitaka kwenda mbali zaidi

Kuna nyuzi zilizochorwa mistari ya Bragg ndani ya kiini chake, kila mstari unapishana na mwenzake kama nusu mikroni, na zinarudisha rangi moja tu ya mwanga. Ken Hill na wenzake Kanada waligundua mwaka 1978 kwamba kioo cha uzi kinaweza kuandikwa kwa mwanga, na mwaka 1989 Meltz na wenzake wakaonyesha namna ya kuandika kutoka ubavuni kwa miale ya UV, ndipo ikawa kitu cha kutumika. Uzi ukivutika au ukipata joto ile rangi inasogea, kwenye 1550 ni pikomita 1.2 (pikomita ni sehemu moja ya elfu ya nanomita) kwa kila mvutiko wa sehemu moja katika milioni, na kama pikomita 10 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa hiyo unaona faiba inavyosinyaa ndani, na boti ikishaingia baharini uzi uleule unakuonyesha tezi inavyovutwa na mashine. Lakini vinakuja vyote pamoja, mvuto na joto, lazima uweke mwingine unaoelea ndani ya kijibomba kilichozibwa, usioshikwa na rezini, ukupe joto peke yake uondoe. Ngozi yake iwe ya polyimide, plastiki ngumu, ile laini ya kawaida inateleza na inameza sehemu ya mvuto. Mashine ya kusomea ndiyo kikwazo, ni mamilioni mengi ya shilingi, kwa hiyo karakana moja peke yake sioni haja, chuo au ushirika wa wavuvi ndio wangeibeba.

Pale ambapo ningependa kuiona zaidi ni kwenye mkonge. Zao limeingia nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, mashamba tunayo hapa nje ya mji, na watu wanajaribu kuuweka kwenye rezini badala ya kioo. Mkonge unanyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani mnaijua, kwa hiyo ndani yake rezini inaweza kushika tofauti kabisa na ulivyozoea. Ukausheni kwanza, na uzi wa kupimia uwekeni katikati, sio juu.

Ukimaliza, kata uzi uliobaki nje usawa na uso, funika kwa gelkoti, ile rezini ya rangi ya uso wa nje, na andika kwenye karatasi ya boti ni wapi nyuzi zimelala, kutoka ukingo gani kwa sentimita ngapi na kina gani, maana kuna siku mtu atakuja kutoboa tundu la boliti hapo. Kama uzi ni wa Bragg na unataka kuutumia baharini usiukate, tengeneza kijisanduku kidogo chenye kifuniko cha mpira karibu na ukingo wa juu, konekta ikae humo, mbali na maji ya chumvi.